Mbuzi Kwenye Gunia: Miaka Yangu na Mabelo ya Mitumba

Belo langu la kwanza nililifungua kwa kisu cha kukatia mkate, saa kumi na mbili asubuhi, soko la Karume, Dar es Salaam, mwaka 2013. Kisu nilikiazima kwa mama wa chai. Nilikuwa nimelipa shilingi 380,000, fedha za kikoba, kwa belo la magauni ya kike, kilo 45, gredi A. Mikanda ya plastiki ilipokatika, gunia likaumuka kama andazi kwenye mafuta. Gauni la kwanza kutoka lilikuwa la maua madogo ya bluu, jipya, kikaratasi cha bei ya huko lilikotoka bado kinaning'inia kwapani. Dada wa meza ya jirani akapiga kigelegele. La pili zuri. La tatu zuri. Tulipofika la kumi na nane nilikuwa nimeshaipigia hesabu kodi ya nyumba.

Kuanzia la kumi na tisa hali ikabadilika. Yakaja magauni ya sufu, mazito, ya watu wa kwenye theluji, na sisi tulikuwa Februari ya Dar es Salaam. Yakaja magauni saba ya wajawazito, yote rangi ya udongo. Yakaja yenye madoa ya rangi ya ukuta. Moja lilikuwa limekatwa mkono mmoja, mwingine mzima, na mpaka leo sijajua aliyefanya vile alikuwa na mpango gani. Nilihesabu magauni 163. Ya kuuza kwa bei niliyoiwaza yalikuwa 41. Mengine yakaenda buku, yaani elfu moja, mengine jero, mia tano, na mabaki nikampa fundi pikipiki afutie oili.

Nikarudi kwa tajiri aliyeniuzia. Hakunifokea. Alinivutia kiti, akaagiza maji, akasema, "Dada yangu, belo ni mimba. Nani anajua atatoka nani?" Ghala zima likacheka, na mimi nikajikuta nacheka. Nilitoka pale nimeamini kwamba yeye na mimi tulikuwa kwenye giza moja, ila yeye kaniachia mzigo tu. Ilinichukua karibu miaka miwili kujua kwamba maneno yale yalikuwa nusu kweli, na nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa inanila.

Tuna msemo wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa watu wengine ni msemo. Kwangu mimi ni aina ya ajira.

Fikiria safari ya gauni. Nguo zinakusanywa Ulaya, Canada, Korea. Nyingi hupitia kwenye viwanda vya kuchambulia, vingine viko huko huko, vingine Sharjah, vingine Kandla kule India. Humo wanawake husimama kando ya mkanda unaotembea, kila nguo inashikwa kwa mkono, inageuzwa, inatupwa kwenye fungu lake: mashati ya mikono mirefu huku, sketi za pamba kule, zilizochoka pale. Maana yake yupo mtu aliyeliona kila gauni la belo langu. Alijua. Kisha mashine inakandamiza, mikanda inafungwa, na kinachovuka bahari pamoja na nguo ni kikaratasi kimoja: aina, uzito, gredi, alama ya kiwanda. Aliyoyaona yule mama yanabaki kule kule.

Tajiri wa Dar anapokea kontena la futi arobaini, mabelo zaidi ya 500. Hawezi kuyafungua yote, hapo alisema kweli. Ila anafungua mawili matatu ya kila aina. Halafu anawauzia kwanza wateja wake wa siku zote, na hao ikifika saa sita mchana wameshampigia simu, wengine kushukuru, wengine kutukana. Jioni anajua kontena lile limekaaje. Mabelo ya aina iliyotukanwa hayarudi Canada. Yanasogezwa mbele, karibu na mlango, yakimsubiri mtu kama mimi.

Aliyenifumbua macho ni kijana mbeba mizigo. Alikuwa amekaa juu ya belo anakula mihogo na pilipili, hana haraka. Akaniambia, "Anti, wewe ukiingia tu tunakujua. Unauliza, 'lipi zuri?' Wenzako hawaulizi. Wanataja alama." Akalamba vidole. "Ukiuliza lipi zuri, umeshasema hujui."

Siku hiyo nilijifunza zaidi ya miezi yote iliyotangulia. Alinionyesha mambo matatu palepale. La kwanza, kona. Muuzaji akikuruhusu kuchana kona ya belo na kuvuta nguo mbili uone, usifurahi, kwa sababu kona nayo huchaguliwa. La pili, uzi. Kuna mabelo yanafunguliwa mjini hapa hapa, yananyonywa nguo nzuri, yanajaziwa makapi na kushonwa upya. Mshono wa kiwandani unakwenda moja kwa moja, wa mkono unakwenda kama siafu wanahama. La tatu, mzani. Nilinunua wa kuning'iniza, nikaanza kupima kila belo kabla ya kulipa. La kilo 45 likisoma 41, kuna mtu kashapita.

Nieleze sasa upande wangu, maana mpaka hapa nimejiweka kama kondoo.

Belo likishafunguliwa na nguo zikaingia mezani, mimi ndiye nageuka tajiri. Nimelikagua gauni usiku kwenye taa, nimelifua, nimelinyoosha kwa pasi ya mkaa. Mteja ana dakika mbili, jua la utosi, mtoto mgongoni, daladala inamwita. Kati yetu sisi wawili, anayejua tundu liko wapi ni mmoja.

Kulikuwa na gauni la rangi ya chungwa, kitambaa kizuri sana, lenye tundu chini ya kwapa kubwa kama dengu. Nilikunja mkono kwa ndani, nikalitundika ubavu ule ukiangalia ukuta. Akaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama mtu mzima. Akauliza, "Mwanangu, halina tatizo?" Nikamjibu, "Likague mwenyewe, mama." Hiyo ndiyo sentensi tunayodanganyia bila kudanganya. Alilipa 12,000.

Baada ya wiki tatu alipita tena. Nilijiandaa kwa ugomvi, nikawa na majibu mdomoni. Hakugomba. Alinisalimia vizuri, akaenda meza ya jirani, akachukua gauni, akaligeuza ndani nje, akalinyanyua juu kwenye jua, akakagua makwapa moja moja. Muda mrefu. Wateja wengine wakamtazama, nao wakaanza kugeuza nguo zao. Mwezi ule kila aliyekuja kwangu alikuwa anakagua makwapa.

Kilichofuata sikukielewa wakati kinatokea. Watu wakawa wanataja bei ya gauni lolote kama vile tayari lina tundu. Gauni safi la 15,000 naambiwa, "Anti, mtumba huu, chukua elfu nne." Nikiapa kwamba hili ni zima, kiapo ndicho kinachowatia wasiwasi. Nikaona upuuzi. Nikaacha kuyatoa mezani magauni mazuri kabisa, nikawa namuuzia kwa simu binti mmoja mwenye duka Sinza, anayejua kitambaa kwa kukigusa. Mezani pakabaki ya kati na ya chini. Wateja nao si vipofu. Wakaona meza imeshuka, wakashusha bei tena. Na mimi nikazidi kutoa mazuri. Ndani ya miezi minne nilikuwa nimegeuka muuza jero.

Majirani wakasema ni chuma ulete, uchawi wa kuvuta hela za wengine. Mmoja akanishauri niweke ndimu kwenye kibubu cha hela. Niliiweka. Ndimu ilikauka, mauzo hayakupanda. Nawatania, lakini nawaelewa: sokoni kwetu mtu anaona hela zinapungua na haoni zinapungulia wapi, basi lazima awepo mchawi. Mchawi wa meza yangu alikuwa tundu kubwa kama dengu, ila nisingekubali mtu aniambie hivyo.

Miaka baadaye nilisoma kwamba mwaka 2001 Tuzo ya Nobel ya uchumi walipewa Wamarekani watatu, George Akerlof, Michael Spence na Joseph Stiglitz, kwa kuchambua masoko ambayo upande mmoja unajua kuliko mwingine. Akerlof aliandika kuhusu magari yaliyotumika, mwaka 1970: mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na gari bovu, analipa bei ya katikati, kwa bei hiyo mwenye gari zima haoni sababu ya kuuza, na sokoni yanabaki mabovu. Nilicheka peke yangu. Huyu mzee hajawahi kufungua belo, lakini ya Karume aliyajua. Kinachonivutia kwenye maelezo yale ni kwamba wengi huhesabu hasara ya aliyepigwa tu. Mimi nimekuwa mnunuzi aliyepigwa, hasara ilikuwa 380,000 na ikaisha. Ile ya kuwa na kitu kizuri mkononi na kukosa wa kukuamini haikuisha. Ilikuwa inakuja kila asubuhi.

Nilitokaje? Kwa kubahatisha, na kwa uchovu. Siku moja belo lilichelewa kufika, sikuwa na muda wa kulipeleka nyumbani kulichambua, nikalifungulia mezani mbele za watu. Walijaa kama kwenye ajali. Kila gauni lililotoka walikuwa wanaliona mara ya kwanza pamoja na mimi. Binti mmoja wa kupointi nguo, yaani wa kuchagua nzuri akauze tena, akasema, "Anti, nikichagua wa kwanza ni shilingi ngapi?" Nikasema 20,000 bila kufikiri. Akalipa. Hakuna aliyesema elfu nne.

Basi ikawa ndio utaratibu. Anayechagua belo likiwa bichi analipa juu. Mchana inashuka, jioni inashuka, kesho yake yaliyobaki ni buku mbili mbili. Hakuna anayelazimika kuniamini, kwa sababu bei inafuata kilichobaki kwenye rundo na kila mtu anaona rundo. Gikomba, Nairobi, wana majina kabisa: nguo ya kuchaguliwa mwanzo kabisa wanaiita kamera, na makapi ya mwisho wanayaita fagia. Jina peke yake limeshamwambia mteja ukweli. Nimewahi kutamani na sisi tuwe na maneno kama hayo, badala ya "gredi A" ambayo kila mtu anayo na haina maana tena.

Kwa nguo nilizobaki nazo nikaanza mambo ya uzi mwekundu. Kila penye tundu, doa au zipu mbovu, nashona pindo moja la uzi mwekundu, kubwa, lionekane kwa mbali. Mume wangu aliponiona usiku nashona alidhani naziba. Nilipomwambia naonyesha, akaweka kikombe chini, akasema, "Mama watoto, unaitangaza hasara?" Lakini uzi ule kwenye gauni moja uliuza kumi yasiyokuwa na uzi. Mteja akiona nimeliumbua hili, anaamini lile. Sikuhitaji tena kuapa.

Nikaongeza na kurudisha: ukikuta kasoro nyumbani ambayo sikuifunga uzi, rudi ndani ya siku tatu. Hapo nikajifunza kwamba giza lina pande mbili. Wengi hawakurudi kabisa. Lakini alikuja dada mmoja Jumatatu na gauni la Ijumaa, anasema linambana. Lilinukia udi na pilau. Kwenye pindo kulikuwa na punje ya mchele. Tukatazamana. Nilimrudishia nusu, na tangu hapo niliandika kwenye boksi: kasoro tu, kubana hapana.

Upande wa juu, kwa matajiri, hapo peke yangu nisingeweza. Belo moja kwa wiki halikufundishi kitu. Ukipata zuri ni bahati, ukipata baya ni nyota. Tukaungana wanawake watano, meza tofauti, tukanunua daftari moja la kaunta. Kila belo tunaandika: tarehe, alama ya kiwanda, aina, uzito wa mzani wetu, idadi ya nguo, ngapi za kuchagua kwanza, ngapi za buku. Nyota ikaanza kuonekana ni hesabu. Alama fulani kwenye magauni ilikuwa inatoa nzuri sitini na zaidi kila mara, na alama hiyo hiyo kwenye sketi ilikuwa takataka. Tukajua pia kitu ambacho hakuna aliyetuambia: alama ikishapata jina mjini, haimalizi mwaka kabla ya kuanza kuchanganywa. Jina ni kama mafuta kwenye taa, wanaliunguza taratibu huku wewe bado unafuata mwanga. Ukiona magauni mazuri yameshuka mabelo matatu mfululizo, hama.

Tajiri alituona tunaandika. Mwanzoni alikereka. Kisha, kimya kimya, akaacha kutusogezea ya mlangoni.

Kuna mwaka ambao hata daftari halikusaidia. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Arusha na kukubaliana kuanza kuiondoa mitumba ndani ya miaka michache, ili viwanda vya ndani vipumue. Sina ugomvi na hoja hiyo; ningependa kuona pamba ya Shinyanga ikishonwa hapa. Ninachokumbuka ni ghalani. Asubuhi iliyofuata habari zile belo lilipanda, na si kwa sababu ya ushuru, maana mizigo ile ilikuwa imeshalipiwa ushuru zamani. "Mwakani marufuku, dada, chukua sasa." Nani kati yetu angejua? Rwanda kweli ilipandisha ushuru mwaka ule kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuingiza nguo zake bila ushuru. Kwetu marufuku haikuja, isipokuwa ile ya TBS, shirika la viwango, ya nguo za ndani ambayo ipo zamani. Lakini uvumi peke yake ulituuzia mabelo miezi kadhaa. Mimi nilinunua matatu kwa mkupuo, kwa hofu.

Soko liliungua alfajiri ya Jumapili, Januari 16, 2022. Nililala nina mabelo mawili na nusu, nikaamka nina funguo. Sitaeleza sana, wengi mnaijua siku ile. Ninachotaka kueleza ni Jumatano yake nilipokwenda kwa tajiri, mikono mitupu, kuomba belo kwa mkopo. Tulikuwa kumi na kitu pale mlangoni, wote tumeunguliwa, wote tunasema tutalipa. Safari hii asiyejua alikuwa yeye. Alitutazama mmoja mmoja, na nikaona usoni kwake ile ile sura niliyokuwa nayo mimi mwaka 2013 mbele ya magunia yake: lipi zuri? Karibu nimwambie belo ni mimba. Wale watano wa daftari tulipata. Miaka ya kulipa kwa wakati ilikuwa imeandikwa kwenye daftari lake yeye, kumbe naye alikuwa nalo.

Siku hizi nusu ya biashara iko kwenye simu. Mabinti wanaingia mubashara, wanakata belo mbele ya kamera, watu wanagombania kwa maandishi. Kamera nayo ina kona zake. Nimeona belo likikatwa mubashara ambalo mshono wake ulikuwa wa siafu.

Mwezi uliopita alikuja binti mpya meza ya pembeni yangu. Ana mtaji wa mkopo, bado ana harufu ya chuo. Alinikuta nakunywa chai, akaniamkia, akakaa kwenye kigoda. "Shikamoo mama. Eti mabelo ya magauni, lipi zuri?"

Nikamweleza habari ya kona. Nikamweleza uzi. Nikampa mzani wangu akapimie, nikamwambia asiulize tena swali hilo akiwa ghalani. Alikuwa anaandika kila kitu kwenye simu, anashukuru kila baada ya sentensi. Mwishoni akauliza, kwa heshima kabisa, wiki hii tunafuata alama gani.

Daftari lilikuwa chini ya meza, limefunguka ukurasa huo huo. Nilisogeza kanga ikalifunika, nikamwambia, "Alama zinabadilika, mwanangu. Utazijua tu."

Akanishukuru na kwa hilo.